Mmekosana na fundi kazi ikiwa nusu? Hatua za kufuata kabla hujamfukuza

Ufa ulianzia juu, pale chumba kipya kilipokutana na nyumba ya zamani, ukashuka hadi karibu na sakafu. Wiki ya kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Wiki ya nne ncha ya kalamu iliingia. Nilipomuuliza fundi akaniambia, "Hiyo ni plasta tu, bosi, rangi itafunika." Hasira zikanipanda. Nikabadilisha kufuli, nikaleta fundi mwingine, naye akabomoa kona nzima kwa siku moja.

Miezi miwili baadaye tulikaa mbele ya msuluhishi. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: huo ufa uko wapi? Haukuwepo tena. Nilikuwa na picha mbili, moja imepigwa gizani, na ukuta mpya ulionyooka vizuri. Fundi wangu akasema hakupewa nafasi ya kurekebisha kazi yake, na alikuwa anasema kweli. Kwa ile kona sikurudishiwa chochote.

Kazi za kuongeza chumba na kukarabati zina ugomvi mwingi kuliko kujenga nyumba mpya, na sababu inaeleweka. Nyumba ya zamani huficha mambo: msingi ambao hakuna anayejua kina chake, bomba lililopita pasipotarajiwa, ukuta uliojengwa bila mkanda wa nondo. Fundi anataja bei kabla hajayaona hayo. Mwenye nyumba naye, chumba kikishasimama, anaanza kutaka dirisha lisogezwe. Na wakati wote huo watu wanaishi humo ndani, wanalala kwenye vumbi, uvumilivu unapungua kila siku. Nimeandika mwongozo huu kwa anayeishi kwenye hali hiyo sasa hivi.

Hatua ya 1: Usilipe, usibomoe, usimfukuze

Jipe siku tatu. Katika siku hizo usitoe pesa nyingine, hata ukiambiwa vifaa vitapanda bei kesho. Usibomoe kitu wala kukifunika. Usimwambie fundi asirudi. Ukimfukuza bila kumpa nafasi ya kurekebisha, sehemu nyingi utahesabiwa wewe ndiye uliyevunja makubaliano, na dai lako litapungua au kufa kabisa.

Hatari ndiyo inayoondoa sharti hili. Ukuta ukiinama, dari ikilegea, nyaya za umeme zikiachwa wazi au ukisikia harufu ya gesi, watoe watu kwanza. Kwa nyaya, zima swichi kuu. Kwa gesi, funga gesi na usiguse swichi yoyote, maana cheche yake inaweza kuilipua. Kisha weka mirunda ya kushikilia au ita mtu wa kuweka. Piga picha kabla na baada, mwite jirani mmoja aone, na umtumie fundi ujumbe saa hiyo hiyo kumweleza ulichofanya na kwa nini.

Hatua ya 2: Kusanya mlichokubaliana

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ugomvi wa ujenzi ndiko maneno hayo yanakouma zaidi. Chukua daftari moja. Andika tarehe ya kila jambo tangu mlipokutana: siku aliyokuja kupima, siku aliyotaja bei, kila malipo, kila siku aliyokosa kufika, kila badiliko uliloomba. Weka pamoja mkataba kama upo, ramani au mchoro, orodha ya vifaa, risiti, miamala ya simu na benki, ujumbe na picha. Nakili vyote mahali pa pili, maana simu huibwa.

Kama hamkuandikiana mkataba, usikate tamaa. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano mbele ya sheria za nchi nyingi. Kazi iliyobaki ni kuyathibitisha. Ujumbe mmoja wa simu unaosema "nimepokea, kesho naanza msingi" unathibitisha mambo matatu: kwamba kuna kazi, kuna pesa iliyotoka, na kazi ilianza lini. Nimeona watu wakifuta mazungumzo yao na fundi kwa hasira. Tafadhali usifute hata neno moja, pamoja na yale uliyoyaandika wewe na sasa unayajutia.

Ukishakusanya, jiulize swali ambalo wengi hulipita: mlikubaliana ufundi tu, au ufundi pamoja na vifaa? Kama vifaa ulinunua wewe, fundi atasema saruji ilikuwa pungufu, mchanga ulikuwa na udongo, vigae vilikuwa vya daraja la chini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fundi anayejua kazi yake anatakiwa kusema kabla ya kukitumia kifaa kibovu. Kwa hiyo tafuta: je, alikuambia? Kama alikuambia nawe ukasema endelea hivyo hivyo, sehemu ya lawama ni yako. Kama alinyamaza akatumia, lawama imerudi kwake. Kama vifaa alileta yeye, mjadala ni mfupi zaidi.

Tofautisha pia makadirio na bei ya jumla. Makadirio ni kukisia, yanaweza kupanda yakiwa na maelezo. Bei ya jumla ya kazi iliyoelezwa wazi haipandi kwa sababu fundi alikosea hesabu zake. Soma tena neno lililotumika kwenye karatasi au ujumbe.

Hatua ya 3: Jua mnagombania nini hasa

"Kazi mbovu" haitoshi kumshawishi mtu yeyote, hata fundi mwenyewe. Ugomvi karibu wote ni wa ubora, muda au pesa, na mara nyingi yote matatu yamechanganyika. Yatenganishe, kwa sababu kila moja lina kipimo chake.

Anza na ubora. Chukua pimamaji, timazi, futikamba, tochi na ndoo ya maji, kisha upite chumba kwa chumba.

Nyufa ndizo zinazotisha watu kuliko kasoro zote, na ndizo zinazoeleweka vibaya. Plasta inapokauka husinyaa, ikaacha mistari myembamba iliyotapakaa kama utando wa buibui. Huo ni upungufu wa umaliziaji, mara nyingi plasta ilikauka haraka au haikumwagiwa maji. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, au unaoanzia kona ya mlango au dirisha ukaenda mshazari, ni habari nyingine. Huo unaelekeza kwenye msingi au linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha. Linta inayokalia ukuta sentimita 5 tu kila upande haina pa kushikia. Wahandisi wengi hutaka angalau sentimita 15. Nenda upande wa pili wa ukuta uone kama ufa umepenya. Upana ukizidi milimita 5, usibishane na mtu, mwite mhandisi.

Ufa wa kwenye kiungo cha chumba kipya na nyumba ya zamani, kama ule wangu, una sababu yake. Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini miaka mingi. Msingi mpya ndio kwanza unabeba mzigo, na utashuka kidogo. Kama kuta mbili zimegandishwa kwa plasta bila kuachiwa nafasi ya kucheza, ni lazima papasuke. Kinachotakiwa kujulikana ni kama ufa umetulia au bado unatembea. Chukua penseli, chora mstari mdogo mwisho wa ufa kila upande, andika tarehe pembeni. Chora pia alama mbili, moja kila upande wa ufa, na upime umbali kati yake kwa milimita. Rudia kila wiki, piga picha ukiwa umeweka rula. Wiki sita za alama kama hizo zina nguvu kuliko kelele zote utakazopiga. Ningekuwa na alama hizo mimi, ile kona ingelipwa.

Bafuni, mwaga ndoo ya maji uone yanakoelekea. Sakafu ya bafu inatakiwa kushuka kuelekea tundu la maji kwa kiasi cha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Maji yakituama kwenye kona, pima ukubwa wa dimbwi na upige picha. Ziba tundu, jaza maji kimo cha sentimita chache, acha saa 24, kisha angalia dari ya chini au ukuta wa chumba cha pili. Vigae vigonge kwa sarafu: kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito, kisichoshika hulia kama kopo tupu. Weka alama ya chaki kwa kila kinacholia hivyo, kisha uvihesabu.

Unyevu ukutani unahitaji subira kidogo. Ukianzia chini na kukoma karibu mita moja kutoka sakafuni, mara nyingi ni maji ya ardhini yanayopanda kwa sababu karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa, au imepitwa. Kwenye nyongeza za nyumba hutokea sana kwamba sakafu mpya ya nje au udongo umejazwa juu ya tabaka la zamani la kuzuia unyevu, ukuta uliokuwa mkavu miaka 20 ukaanza kulowa. Udongo wa nje ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Unyevu ukiwa juu, tafuta kwenye paa na pale bati jipya lilipoungana na ukuta wa zamani. Mwagilia maji kwa mpira ukianzia chini ukipanda polepole. Ukianzia juu hutajua yaliingilia wapi.

Zege nalo lina kalenda yake. Linamwagiwa maji siku 7 angalau, na baada ya siku hizo 7 huwa limefika karibu theluthi mbili za nguvu zake. Nguvu inayotajwa kwenye ramani hupimwa siku ya 28. Fundi aliyetoa mirunda chini ya zege la dari siku ya tano, sasa dari imebonyea, ana swali la kujibu. Ndiyo maana tarehe za daftari lako zina thamani: umwagaji ulikuwa lini, mirunda ilitoka lini.

Kuhusu muda, jibu kwanza kama mlitaja tarehe ya kumaliza. Kisha uwe mkweli kuhusu siku ulizochelewesha wewe: vigae ulivyochelewa kununua, wiki ya mvua, dirisha ulilobadilisha. Ziondoe hizo. Zinazobaki ndizo zake.

Kuhusu pesa, ugomvi mkubwa ni wa nyongeza. Andika safu tatu: yaliyokuwa kwenye makubaliano ya mwanzo, yaliyoondolewa, yaliyoongezwa. Kwa kila kilichoongezwa andika nani aliomba na kama bei ilitajwa kabla. Usikatae kulipa nyongeza uliyoiomba kwa mdomo wako eti kwa sababu haikuandikwa. Si haki, na itakuharibia hata pale ulipo na haki. Bei yake ikadirieni kwa viwango vile vile vya kazi ya mwanzo: kama mita moja ya mraba ya plasta ilikuwa na bei yake, plasta ya ziada nayo iende kwa bei hiyo.

Hatua ya 4: Zungumzeni saiti, ninyi wawili

Usimwite sebuleni, na usimseme mbele ya vibarua wake. Fundi akidhalilishwa mbele ya watu anaowaongoza, atatetea heshima yake hata pale anapojua amekosea. Mwambie mkutane asubuhi kabla kazi haijaanza, mtembee pamoja na orodha mkononi.

Mwonyeshe kitu, kisha unyamaze. "Fundi, naomba uweke pimamaji hapa." Akishaweka na kuona povu limekimbilia pembeni, hakuna haja ya kuongeza neno. "Tunafanyaje hapa?" Mara nyingi jibu litakuwa, "Hapa pana kasoro, nipe mpaka Alhamisi." Hapo umepata kwa dakika mbili kile ambacho barua tatu zingekitafuta kwa miezi.

Msikilize na yeye. Huenda msingi ulihitaji kina mara mbili ya alichotarajia naye akanyamaza kwa aibu, akaanza kubana saruji ili asipate hasara. Hilo halihalalishi kazi mbovu, ila ukilijua unaweza kuzungumzia pesa halisi badala ya kuzunguka.

Jioni hiyo hiyo mtumie ujumbe: "Fundi, asante kwa leo. Tumekubaliana utarekebisha mteremko wa bafu kufikia Alhamisi na kubadilisha vigae 11. Mlango tutauzungumza Jumamosi. Kama nimekosea mahali niambie." Akijibu "sawa", una makubaliano ya maandishi. Asipojibu, bado una ujumbe wenye tarehe.

Hatua ya 5: Andika barua

Alhamisi imepita, na Alhamisi ya pili imepita. Sasa andika. Barua nzuri ni fupi, haina tusi wala vitisho, na mtu asiyewajua ninyi wawili anaweza kuisoma akaelewa. Hivi ndivyo inavyoweza kuwa:

"Ndugu Fundi,

Tarehe 4 Machi tulikubaliana utajenga chumba cha nyuma na kuweka vigae bafuni kwa bei tuliyoandikiana. Hadi leo nimelipa awamu tatu kati ya nne. Tulipokagua kazi pamoja tarehe 20 Juni tuliona haya: kwanza, maji ya bafu yanatuama kwenye kona ya dirisha, pili, vigae 11 havijashika, tatu, mlango wa nyuma haufungi.

Naomba urekebishe mambo haya matatu ndani ya siku 14 tangu utakapopokea barua hii. Saiti iko wazi kwako kila siku kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kama kuna linalokuzuia, nijulishe kwa maandishi na utaje tarehe unayoiweza. Muda huo ukipita bila kazi wala jibu, nitamwita fundi mwingine, na gharama ya marekebisho nitaikata kwenye awamu ya nne. Nimeambatanisha picha 9."

Siku 14 zinatosha kwa kasoro ndogo. Kubomoa na kujenga upya ukuta kunahitaji zaidi, na kumpa mtu muda usiowezekana kutaonekana kama mtego. Mkabidhi mkononi mbele ya shahidi, atie saini kwenye nakala yako, kisha umtumie pia picha ya barua kwenye simu. Kama mkataba wenu unataja namna ya kupeana taarifa, fuata hiyo hiyo.

Na ile ahadi ya saiti kuwa wazi, itimize. Akija ukamfungia nje, barua yote imekufa.

Hatua ya 6: Leta jicho la tatu

Kwa kasoro ya msingi, zege, paa au ukuta unaobeba mzigo, mwite mhandisi wa majengo. Kwa ugomvi wa hesabu, mkadiriaji majenzi. Kwa vigae na rangi, fundi mzoefu anatosha. Sharti moja: asiwe anayetaka kuichukua kazi hiyo. Fundi anayetamani kazi ataona kila kitu kinahitaji kubomolewa.

Mpe maswali manne ayajibu kwa maandishi: kasoro ni ipi, imesababishwa na nini, inarekebishwaje, na marekebisho yatagharimu kiasi gani. Mjulishe fundi wako siku ya ukaguzi ili aje kama anataka. Ripoti iliyoandikwa fundi akiwa amealikwa ni ngumu kuipinga. Ada ya mtaalamu ilingane na ukubwa wa tatizo. Kwa mlango usiofunga usitafute mhandisi.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya pesa kwa ukweli

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapokosea. Wakikasirika wanazuia malipo yote, hata ya kazi iliyofanyika vizuri. Fundi naye anapata sababu halali ya kusimamisha kazi na kudai. Zuia kiasi kinacholingana na gharama ya kurekebisha, toa maelezo ya hesabu, na kilichobaki kilipe kwa wakati.

Chukua mfano. Bei ya kazi nzima ni 100. Umeshalipa 70. Mkadiriaji amepima akasema kazi iliyofanyika ina thamani ya 65, na kurekebisha kasoro ni 8. Basi kazi uliyopokea ina thamani ya 65 toa 8, yaani 57. Umelipa 70, kwa hiyo umemzidishia 13. Igeuze uone upande wa pili: kumaliza kazi kunahitaji 35 zilizobaki pamoja na 8 za marekebisho, jumla 43, na wewe mkononi una 30. Pengo ni lile lile, 13. Dai lako ni hilo. Ukidai 70 zote hakuna atakayekusikiliza.

Mkataba wenu ukiwa na kifungu cha kubakiza sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, kitumie kama kilivyoandikwa. Utaratibu uliozoeleka ni kutoa nusu yake kazi inapokabidhiwa, na nusu baada ya kipindi cha kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12. Kabla ya malipo ya mwisho ulizia pia kama vibarua na maduka aliyokopa vifaa wamelipwa. Katika baadhi ya nchi muuzaji wa vifaa ambaye hakulipwa anaweza kudai hadi kwenye nyumba yenyewe.

Hatua ya 8: Akitoroka

Simu haipatikani, saiti imekaa kimya wiki tatu. Tuma barua ile ile kwa kila njia unayoijua, ukitaja tarehe ambayo baada yake utahesabu ameacha kazi. Tarehe ikipita, ingia saiti na mashahidi wawili, mpige picha kila chumba, mwandike kazi imefika wapi na vifaa gani vimebaki. Toroli, sepeto na mbao zake ziorodheshe, uzihifadhi pakavu, na umjulishe aje kuzichukua. Usiziuze wala kuzifanya rehani bila ushauri wa mwanasheria. Hilo linaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Omba bei kwa mafundi wawili au watatu, na uwaombe watenganishe: kurekebisha makosa, kumaliza kilichobaki, na mapya unayoyataka wewe. Yule wa zamani hawezi kudaiwa dari nzuri zaidi uliyoiamua baada ya yeye kuondoka.

Hatua ya 9: Msuluhishi, mwamuzi, mahakama

Rudi kwenye mkataba uone kama umetaja njia ya kutatua migogoro. Kama haukutaja, anza na njia nyepesi. Msuluhishi hukaa kati yenu akawasaidia mfikie mwafaka, hana mamlaka ya kuwaamulia. Mwamuzi anaamua, na uamuzi wake kwa kawaida unawafunga wote wawili. Watu huyachanganya haya mawili wakasaini wasichokielewa, kwa hiyo uliza kabla hujakaa: wewe unatushauri au unatuamulia?

Kama fundi amesajiliwa kwenye bodi au chama cha wakandarasi, malalamiko ya huko yanaweza kumrudisha mezani haraka, hasa kama leseni yake inategemea jina zuri. Nchi nyingi zina mahakama ya madai madogo ambako unajieleza mwenyewe bila wakili, ila kuna kikomo cha kiasi unachoweza kudai. Kuna pia ukomo wa muda wa kufungua dai. Hesabu yake hutofautiana, na kasoro iliyojificha ukutani wakati mwingine ina hesabu yake yenyewe. Usiache miaka ipite mkiendelea kuahidiana.

Polisi waendee kama kuna wizi au ulaghai wa wazi, mathalani mtu aliyekusanya pesa kwa jina la uongo na hakuwahi kuleta hata kokoto. Kazi mbovu ni kesi ya madai, si ya jinai, na kumkamatisha fundi mara nyingi kunaishia na pesa kutorudi na ukuta kubaki vile vile.

Jambo moja lichunguze mapema kabla hujaenda popote: kibali cha ujenzi. Kama nyongeza yako ilihitaji kibali na hukukichukua, hilo litaibuka, na mara nyingi anayewajibika ni mwenye nyumba.

Hatua ya 10: Mkielewana, andikeni na mpime tena

Mwafaka wa mdomo baada ya ugomvi mrefu haudumu wiki. Andikeni kila kasoro kwa mstari wake, itarekebishwaje, nani analeta vifaa, tarehe ya kumaliza, na kiasi kitakacholipwa kasoro hiyo ikishapita ukaguzi. Malipo yafuate kazi, mstari kwa mstari. Andikeni pia kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake kwa mambo yaliyotajwa, isipokuwa kasoro zilizojificha. Sainini wote, na shahidi mmoja kila upande.

Akishamaliza, rudia vipimo vile vile vya mwanzo ukiwa naye: ndoo ya maji bafuni, sarafu kwenye vigae, pimamaji mlangoni. Kilichopita, mwekee alama mbele yake na umlipe siku hiyo hiyo. Zile alama za penseli ukutani usizifute bado. Ziache zipite kipindi kimoja cha mvua na kimoja cha ukavu, upime kila mwezi, na milimita zikibaki zile zile ndipo umwite fundi wa rangi.